Kulungu wa Kromu

Saodat alichovya kitambaa kwenye unga wa meno, akamsugua kulungu wa kromu aliyesimikwa kama pambo, akiruka, juu ya boneti ya Volga, gari la marehemu mumewe. Alianzia kwenye pembe, akateremka shingoni, na weusi wa miezi minne ukahamia kitambaani.

"Hapo umefanya la maana," shemeji yake alisema kutoka getini, mkono wake begani kwa mnunuzi wa gari aliyemleta kutoka upande wa pili wa Samarkand. "Inatosha sasa. Nipe funguo."

"Kaka yako alikuwa anamsugua huyu kulungu lini?"

Shemeji akacheka. "Asubuhi ya safari tu. Mtaa mzima ulikuwa unajua."

Kicheko kikamkauka mdomoni.

Saodat alipitisha ncha ya mtandio wake wa buluu, ule wa msiba, kwenye pua ya kulungu. Akaingia, akakaa nyuma ya usukani. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika.

"Shemeji, una wazimu? Mwaka wa msiba haujaisha, unatoka na gari? Watu watasema nini?"

"Watasema linang'aa. Toka hapo getini."