Jiwe la Recheli

Jiwe la shaba la gramu hamsini lilipowekwa kwenye mizani ya mnunuzi wa dhahabu, kioo kikaandika arobaini na tisa.

"Mwizi!"

Mpini wa sururu ukampata mnunuzi mdomoni. Meno mawili yakaruka mezani.

"Mama, jiwe lako limemuumbua!" wachimbaji walimshangilia Recheli. Pale machimboni nje ya Ziba, yeye ndiye aliyetunza jiwe la kukagulia mizani.

Recheli akaliokota. Liling'aa kama sufuria ya harusi, maana kila Jumamosi alilisugua kwa mchanga na majivu, asije akachekwa kwa uchafu.

Akalipapasa. Namba iliyochongwa kwenye shaba haikuwepo tena. Ilikuwa imelika, na shaba yenyewe imelika nayo.

Akageuka haraka.

Mnunuzi alikuwa chini, anatapatapa, na petroli ishamwagwa.

"Mama, sogea!"

Badala ya kusogea alimlalia mnunuzi, damu ikamlowesha kanga.

"Mwacheni! Mizani haina kosa! Jiwe nimelipunguza mimi, kwa kusugua!"

Mwenye kibiriti akainama, akamtazama Recheli usoni.

"Kumbe mwizi ni wewe?"