Msamaha wa Serikali

Kache alimshika mwanawe mkono tangu Majengo, kama siku ile ya kwanza alipompeleka chuoni kusoma Kurani, na kijana hakuona haya. Serikali ilikuwa imetangaza redioni kwamba vijana waliovuka mpaka kwenda kupigana wakirudi na kujisalimisha, watasamehewa. Kache ndiye aliyemshawishi mwanawe aje ajisalimishe.

Kwenye lango la ofisi iliyotajwa redioni, afande aliwapokea kwa tabasamu.

"Karibu, kijana. Umefanya la maana."

Mkono wa mwanawe ulikuwa umelowa jasho. Alipouachia ili kijana atoe kitambulisho, mwanamke aliyeketi ng'ambo ya barabara, picha mapajani, alimwita.

"Mamangu, na wako amekuja kujisalimisha?"

"Naam. Si wamesema watawasamehe?"

"Wangu nilimleta mwenyewe, kabla ya Ramadhani. Sasa kila nikija wanambia hawamjui."

Kache aligeuka mbio. Mwanawe alikuwa keshaingia ndani, shati alilompigia pasi asubuhi limemganda mgongoni.

"Afande, nirudishie mwanangu! Twende kwanza tukatafute wakili, kisha tutarudi."

Kijana alisikia sauti ya mamake akataka kugeuka, lakini wanaume wawili wasio na sare walikuwa wamekwisha kumshika, mmoja kila upande.

Afande alifunga lango taratibu, bado anatabasamu.

"Nenda nyumbani ukapumzike, mama. Tutakupigia simu."

Hakuna aliyekuwa amemwuliza nambari yake.