Nyundo ya Mshauri

Sheria ilisema hivi: mwanafunzi wa siasa akichagua utafiti unaoigusa serikali, sharti kwanza amvunje mshauri wake wa masomo kidole kimoja kwa nyundo. Wengi walichagua historia ya bendera.

Semeni alichagua watu waliotoweka mahabusu. Mshauri wake, Dakta Luhende, aliisoma fomu yake, akaulaza mezani mkono wa kushoto, ambao vidole vyake viwili vilikwisha kupinda.

"Mwalimu, acha nibadilishe," Semeni alisema.

"Kaka yako yumo kati ya hao?"

"Yumo."

"Basi piga mara moja tu. Ukisitasita utanivunja viwili."

Akapiga. Mfupa ulivunjika kwa mlio wa kuni kavu, damu ikarukia fomu, na Luhende akauma kola ya shati asipige kelele. Kisha akatia sahihi kwa mkono wa kulia.

Nyumbani mkewe alimkatia nyama vipande vidogo, akamlisha. Binti yao Mboni, aliyekuwa mwaka wa pili wa siasa, hakugusa chakula. Alikikodolea macho kile kidole kilichovimba.

"Baba," alisema mwishowe kwa sauti ya chini, "mtu apige kwa nguvu kiasi gani?"