Milia ya Bibi Bongnye

Bibi Bongnye alikwenda kwa mjukuu wake, mpiga picha, apigwe picha ya kuwekwa mbele ya jeneza siku atakapokufa. Mwanawe alimfungia hanboki, vazi la jadi la Kikorea, la hariri, pamoja na onyo: asicheke; kisha akangoja nje.

Lakini mezani palikuwa na rangi za mwili, zilizobaki kwa msichana aliyepakwa maua asubuhi.

"Nipake niwe chui-milia," alisema, akishusha hariri mabegani.

"Bibi! Baba atanichinja."

"Watu waje kunywa supu ya msiba wangu, wanikute nimenuna kama niliyewanyima kachumbari ya kimchi?"

Brashi ilikuwa baridi. Ilipofika shavuni ikasita, maana hapakuwa na ngozi iliyonyooka.

"Fuata makunyanzi, mjukuu wangu. Milia Mungu kashachora, wewe kolezea tu."

Akayafuata, kutoka puani hadi mabegani, kisha akashika kamera na kuinua taa yake ya mkononi.

Mlango ukagongwa. "Mama, tayari?"

"Piga upesi!" Bibi akaachama, ufizi wote nje.

Taa ya kamera iliwaka papo hapo mlango ulipofunguka. Mwanawe alisimama kizingitini, viatu alivyovua mkononi, akamkagua mama yake usoni.

"Mama," alisema, "hata sharubu hukuwekewa?"