Nusu ya Chokaa

Siwatu, mkemia wa kiwanda cha ngozi, alirudia hesabu kwa chaki palepale kwenye ukuta wa tangi. Jibu halikubadilika. Tindikali iliyobaki tangini ilihitaji, ili makali yake yaishe, magunia kumi na mawili ya chokaa, na yaliyomwagwa yalikuwa sita tu.

“Yanatosha,” alisema meneja, Bwana Shekue. “Fungua lango, maji yaende mtoni. Ngozi zinasubiri tangi.”

“Bosi, nusu ya chokaa inaua nusu ya tindikali. Nusu nyingine ingali hai, inakula hata chuma, na huko chini mtoni watu wanaoga.”

“Mto ni mkubwa, utaimaliza. Kwani nani anakulipa mshahara, mto au mimi?”

Wafanyakazi waliacha kazi wakasikiliza. Siwatu alichota maji ya tangi kwa kopo la plastiki, akamnyooshea meneja.

“Basi nawa mikono, bosi. Ukinawa, nitalifungua lango mwenyewe.”

Bwana Shekue alirudi nyuma, mikono akaitia mifukoni.

“Huna kazi tena hapa! Lete ufunguo wa lango.”

Siwatu aliutoa, chuma kizito chenye urefu wa kiganja. Aliunyoosha mkono wake juu ya tangi, akamtazama meneja usoni, akauachia ufunguo.

Ufunguo ulizama. Wote waliinama kutazama, hata Bwana Shekue. Kisha kutoka chini vipovu vidogo vikaanza kupanda, kimoja, kingine, halafu kundi zima, kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka.