Nusu ya Kosa

Katika klabu yetu ya ndege zisizo na injini, hapa juu ya Bonde la Kerio, kosa halina mwenyewe. Mmoja akikosea angani, bangili tulizovaa zinatetema, na mikono yetu sote inafanya alichofanya yeye: kwanza kosa, kisha marekebisho. Nimemwaga chai mara nyingi kwa makosa ya wenzangu, na sijaona mtu akichekwa. Tunampigia simu tu: "Asante, tumejifunza."

Mwaka jana kosa la Barmasai lilikuja nusu. Alivuta usukani, pua ya ndege ikapanda mno, kasi ikaisha. Mikono yetu ilingoja marekebisho, hayakuja. Tangu hapo bangili zinafanya kazi pande zote mbili: nasi tunaweza kuusukuma mkono wa aliye angani. Mjane wake, Mama Chesang, ambaye hajawahi kuruka, aliomba bangili ya marehemu akaivaa.

Jana nilikuwa nasonga ugali mkono wangu ulipovutwa nyuma ghafla, vilevile kama siku ile. Mume wangu, Baba Jerop, ndiye aliyekuwa angani. Nikauachia mwiko, nikasukuma mbele kwa nguvu zote.

Alirudi nyumbani mzima, jasho limemkaukia shingoni.

"Niliwasikia nyote," akasema. "Lakini Mama Chesang ndiye aliyetangulia."

Nikampigia kumshukuru, nikamwambia Baba Jerop ameshatua, sasa naye aupumzishe mkono.

"Mungu ni mwema, Mama Jerop," akajibu akihema. "Lakini mimi bado nasukuma."