Tsuika ya Kuoshea Kidonda

Bati lilinichana kiganja, damu ikatiririka hadi kiwikoni. Nilikuwa navunja banda bovu nyuma ya stesheni ya Bukaresti ili tupate kuni za kuotea moto.

Hatukuwa na maji safi. Kilichokuwepo ni tsuika, pombe kali ya plamu, na chupa yenyewe ilikuwa imekumbatiwa na jamaa tunayelala naye kando ya mabomba ya maji ya moto. Akampa Zamfira, mwenzetu wa hapo mabombani, maana mikono ya jamaa ilitetemeka mno.

"Mwoshe, dada. Itakayobaki umalizie wewe."

"Hebu funga domo lako!" nikamfokea.

Zamfira alikuwa ameacha kunywa tangu miti ianze kupukutisha majani. Sote tulimwona alivyotapika, alivyolia, alivyotusihi tumfunge kamba. Hakuwa ameshika chupa tena tangu wakati ule.

Alipofungua kizibo, harufu ilimpiga usoni. Nikaona koo lake likimeza mate.

"Lete, nitajiosha mwenyewe," nikasema.

"Tulia, mdogo wangu. Itauma."

Akamimina. Nikapiga yowe. Hakuacha kumimina mpaka chupa ikaisha, jamaa akimtukana, kisha akanifunga kidonda kwa skafu yake.

Vidole vyake vilikuwa vimelowa. Akaviinua karibu na uso, akavitazama. Midomo yake ikafunguka kidogo.

Kisha akapiga magoti, akavisugua kwenye theluji, kimoja baada ya kingine.